Idi Niliyoiuza Novemba

Kwa miaka mingi niliuza nguo za watoto Kariakoo, kwenye kibanda cha mama mdogo wangu. Ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, na kazi alinifundisha yeye. Alinifundisha kukunja gauni ili lionekane jipya hata likiwa limeshikwa na mikono mia, na kumsoma mteja kwa miguu yake, kama anapita tu au amekuja kununua.

Tuliuza rejareja kwa watu wa Dar na jumla kwa watu wa mikoani. Hao wa mikoani ndio walionionyesha kwamba kila mji una mwaka wake. Wa Moshi na Arusha walikuja Novemba, kwa sababu Desemba ndugu wote wanarudi kwao na mtoto hawezi kufika kwa bibi na nguo kuukuu. Wa Mbeya na Njombe walitaka masweta wakati sisi bado tunajipepea kwa vipande vya boksi. Wa Mwanza walikuja pamba ikishauzwa. Wa Unguja walijaa Shaabani, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Wa Lindi na Mtwara walitokea Oktoba, wakabeba kama watu wanaohama, kisha hatukuwaona tena mpaka Oktoba nyingine.

Hao sikuwahi kuwauliza kwa nini. Nilifunga marobota, nikakaza kamba, nikasema karibu tena.

Sisi wa Dar msimu wetu mkubwa ulikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Siku hizo mtaani hutembei, unasukumwa. Tulifuturu tukiwa tumesimama, tende mkono mmoja na gauni mkono wa pili. Ulikuwa ni mwezi wa kufunga na ulikuwa pia mwezi uliotulisha mwaka mzima, na mimi niliamini ndivyo ilivyo kila mahali kwenye Waislamu.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Mtu wa maneno mengi, wa kuchekesha hata msibani, mpaka watu wamwombe anyamaze. Siku moja aliamka akashindwa kushika kikombe. Kabla hatujafika hospitali mdomo ulikuwa umekwenda upande. Daktari alisema ni kiharusi, upande wa kulia. Maneno yakapotea. Alibaki na matatu manne, na hayo nayo ilibidi uyasubiri.

Mama yake alikuja kutoka Lindi, akakaa nasi siku chache kwenye chumba chetu cha Buguruni, akaangalia ngazi, akaangalia choo cha kuchangia, akasema, "Mwanangu, hapa mtamzika. Twendeni nyumbani."

Tulihama mwanzoni mwa Oktoba. Mama mdogo alinifungia marobota ya kuanzia. Nilipata fremu ndogo ya duka jirani na soko la Lindi, nikapanga nguo zangu kama nilivyofundishwa, magauni mbele, viatu chini, vitu vya wavulana pembeni.

Sijawahi kuuza kama nilivyouza Novemba ile. Walikuja kina mama kutoka Mtama, Ng'apa na Mchinga, wengine na bodaboda inawasubiri nje, wakachagua bila kubishana sana. Magauni ya kumetameta, kanzu za watoto, viatu vya ngozi bandia vinavyong'aa. Mmoja alinunua magauni matatu ya rangi moja kwa binti zake watatu, akaniambia nimfungie vizuri, asije mtoto akayaona. Nilijua watu wana sherehe zao. Nilimpigia simu mama mdogo nikamwambia, "Huku hakuna anayejua biashara. Nimewakuta wamelala."

"Alhamdulillahi," akasema. "Lakini usiwadharau watu ukiwa mgeni wao."

Januari ikawa kimya. Sikushtuka, Januari ya Dar nayo ni ya ada na madaftari. Februari ikawa kimya zaidi. Nikajiambia watu wanajiwekea kwa ajili ya Ramadhani. Mwezi huo ulipofika katikati nilichukua kila nilichokuwa nacho, pamoja na fedha tulizokuwa tumetenga kwa mazoezi ya mume wangu hospitali, nikapanda basi kwenda Kariakoo.

Mama mdogo alikuwa ananisaidia kuchagua, lakini mkono wake ulikuwa mzito siku ile. Kila nilipoongeza kitu kwenye robota alikuwa anakiangalia kwanza.

"Watu wa huko mimi sijawahi kuwaona mwezi huu," akasema.

"Kwa sababu hawakuwa na mtu wa kuwaletea."

"Wamekuwa wanakuja wenyewe miaka yote, mwanangu. Kama wangetaka kuja wangekuja."

"Mama mdogo, ni Waislamu wale. Idi ni Idi."

Yeye Lindi hakuwahi kufika, na mimi nilikuwa na Novemba yangu ya kumwonyesha. Tukafunga.

Mvua zilikuwa zimeanza. Tulipofika Somanga barabara ilikuwa haipo. Namaanisha hivyo hivyo. Lami ilifika mahali ikakatika kama mkate uliomegwa, na pale palipokuwa na kalavati palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kasi. Nyuma yetu magari yalizidi kupanga foleni. Konda akasema tusubiri, mkandarasi anakuja.

Tukasubiri. Kumi la mwisho lilikuwa limeanza, na kila jua lilipozama niliona Kariakoo kichwani mwangu, niliona watu wakisukumana, na mimi nimekaa juu ya robota pembeni ya barabara na kanga kichwani. Watu walifuturu kwa maji na biskuti. Mama mmoja aliyekuwa na mgonjwa alilia mpaka sauti ikamwisha. Mimi nililia pia, na naona haya kusema kwamba nililia kwa ajili ya magauni.

Maji yalipopungua kidogo, vijana wa pale wakaanza kuvusha watu mgongoni na mizigo kichwani. Kila mtu aliniambia nisijaribu. Nikajaribu. Nilitangulia na robota dogo, maji yakanifika kiunoni, kisha kifuani, nikawa namwomba Mungu kwa sauti kama kichaa. Nyuma yangu kijana mmoja aliteleza na robota la magauni meupe likaenda na maji. Walilikimbilia wakalidaka kwenye vichaka, likiwa zito kama maiti.

Ng'ambo nilipata fuso lililokuwa linarudi Lindi tupu. Nilifika nyumbani nimevimba miguu. Mama mkwe hakuuliza kitu. Alifungua robota lililolowa, akafua magauni yote kwa mikono yake, akayatia bluu, akayaanika, na kesho yake akayapiga pasi ya mkaa moja moja. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda anatuangalia. Alinyoosha mkono wake mzima, akagusa pindo la gauni, akatabasamu kwa upande mmoja.

Idi ilikuwa imebaki siku chache. Nilifungua duka alfajiri.

Walikuja. Hilo ndilo lililonichanganya, kwamba walikuja. Walishika, wakageuza, wakapima kwa mtoto, wakasifu. Kisha wakasema "Nitarudi," wakaondoka taratibu. Walionunua ni watumishi wachache wa maofisini, maana watumishi wengi walikuwa wamekwisha agiza Dar. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu akaja mama mmoja na binti yake mdogo. Nilimvalisha mtoto gauni jeupe, akajizungusha, akakataa kulivua.

"Limemkaa," nikasema.

"Limemkaa kweli. Dada, nitunzie mpaka msimu."

"Msimu si ndio huu?"

Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyepotea njia. Hakuwa na dharau hata kidogo. "Msimu wa korosho, dada. Sasa hivi nani ana hela? Hata mahindi tunanunua."

"Na Idi je? Watoto watavaa nini?"

"Za Idi tulishanunua. Tulinunua Novemba, tukafungia sandukuni. Ukisubiri mwezi huu mtoto anavaa kaniki." Akamvua binti yake gauni pole pole, huku mtoto analia, akalikunja vizuri, akanirudishia. "Si wewe uliyeniuzia mwenyewe? Yale matatu ya rangi moja. Mdogo ndiye huyu."

Nilimkumbuka. Nilikaa chini nyuma ya meza. Nilikuwa nimepigana na barabara, na barabara nilikuwa nimeishinda.

Nilipunguza bei siku hiyo, nikapunguza tena, nikasimama mlangoni nikiita watu kama tulivyoita Kariakoo. Watu walinionea huruma, wakapita upande wa pili ili wasinitie aibu.

Siku ya Idi nilikwenda uwanjani na mama mkwe kuswali. Watoto walikuwa wamependeza. Nilianza kuziona moja moja, gauni la njano lenye ua kifuani, kanzu zenye darizi ya fedha, wale mabinti watatu wameshikana mikono. Nguo zangu. Mikunjo ya sandukuni ilikuwa bado inaonekana. Idi ya Lindi nilikuwa nimeiuza zamani, na mimi sikujua ninachouza. Mama mkwe alinishika mkono akaniuliza kama naumwa.

Jioni, tukiwa tunaosha vyombo, nilimuuliza. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba Idi hapa hakuna biashara."

Alishangaa kweli. "Nilidhani unajua. Wewe ndiye mfanyabiashara. Nikasema labda una wateja wako wa mjini." Akasuuza sahani, kisha akasema, "Ilikuwapo zamani. Mwezi unarudi nyuma kila mwaka, unajua. Kuna miaka Idi ilikutana na korosho. Mji huu uling'aa, mwanangu. Hata mbuzi walivishwa."

Baada ya hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza, kwa sababu mpaka pale nilikuwa bado nina haraka, na mtu mwenye haraka hajakata tamaa.

Nilipiga simu nchi nzima. Mama mdogo aliniambia nimrudishie robota moja ajaribu, lakini nguo ya Idi iliyopitiwa na Idi, Dar hawaitaki, mwakani itatoka mtindo mwingine. Aliyekuwa mteja wetu wa Mwanza akasema, "Huku pamba bado iko shambani, dada. Nitafute Julai au Agosti." Wa Mbeya akacheka kwa upole. "Mikono mifupi? Huku tunaanza kuvaa makoti." Wa Moshi akaniambia Novemba. Wa Mtwara hakuhitaji hata nimalize. "Sisi na nyinyi si mwaka mmoja?" akasema. Kila mji ulikuwa na mlango wake, na kila mlango ulikuwa umefungwa kwa wakati wake, na mimi nilikuwa nimesimama katikati na magauni.

Nilianza kutembeza. Nilipanda bodaboda na mzigo mgongoni mpaka vijiji vya ndani, nikapanda basi mpaka njia panda ya Kiswere, nikaingia kijijini kwa miguu. Watu wa Kiswere walinipokea vizuri. Walinipa kiti, maji, mihogo ya kuchemsha na samaki mkavu. Kina mama walipitisha magauni mkono hadi mkono, wakayarudisha yote. Nilipokuwa nafunga mzigo, bibi mmoja niliyekuwa nimemwamkia shikamoo alinitilia mihogo kwenye mfuko. "Ungekuja wakati watu wana kitu," akasema. Nilikula ile mihogo njiani nikiwa nalia, kwa sababu nyumbani hatukuwa na kitu cha kupika na nilitakiwa kuifikisha.

Dawa za presha za mume wangu zilianza kurukwa. Leo anakunywa, kesho anapumzika. Mazoezi ya hospitali tuliacha. Muuguzi alikuwa ametuambia mkono ukiachwa utakauka, na nikawa nauona unakauka, vidole vinajikunja ndani kama jani. Nilikuwa naunyoosha mwenyewe kila asubuhi, anaumia, ananitazama, hasemi. Heri angenitukana.

Kuna asubuhi nilitoka kwenda dukani nikajikuta stendi. Nilikuwa na mkoba tu. Konda akaniambia, "Dar, dada? Imebaki siti moja, ya dirishani." Nilisimama pale mpaka akaniuliza tena. Nilifikiria chumba cha mama mdogo, kelele za mtaani, kulala na kuamka bila kusikia pumzi za mtu mgonjwa. Basi likajaa, likaondoka. Nilisimama pale muda mrefu baada ya hapo, kisha nikaenda kufungua duka, na siku ile hakuna aliyeingia hata kuuliza.

Nililiacha duka kabla ya Juni. Mwenye fremu hakuwa mtu mbaya, ila naye ana watoto. Nguo tulizirudisha nyumbani tukazipanga kwenye chumba cha mume wangu, kwa sababu ndicho kisichovuja. Akawa analala katikati ya magauni ya watoto.

Mama mkwe ndiye aliyeanzisha. Alimwekea rundo mapajani akamwambia, "Zikunje, unazo siku nzima." Akawa anakunja kwa mkono mmoja, anashikilia kwa kidevu, analaza juu ya goti, anapiga pasi kwa kiganja. Gauni moja lilimchukua muda mrefu. Akimaliza yote mama yake anayakunjua anampa tena. Hakupona kwa hilo. Lakini alikuwa na kitu cha kufanya, na mimi nilipata mahali pa kumtazama bila kumhurumia.

Ufuta ulipouzwa kati ya Juni na Julai nilisogea vijijini na nikauza kidogo, hasa viatu. Tulirudi kununua dawa. Nikaanza kuishi kwa kusubiri Oktoba kama kila mtu wa hapa. Nilijifunza kuuliza habari za mikorosho kabla ya habari za nyumbani.

Mwezi wa nane mama mkwe alirudi kutoka shambani kwake akakaa barazani bila kuvua ndala. Nilimletea maji. Alikunywa yote.

"Maua yameungua," akasema. "Mvua imenyesha wakati si wake. Yamekuwa meusi."

"Yako tu, au na ya wengine?"

"Nimepita mashamba ya watu mpaka kule bondeni. Yote."

Ndani tulimsikia mume wangu akikohoa, kitanda kikalia.

Korosho chache zilizopatikana zilipelekwa mnadani, malipo yakachelewa, na yalipofika watu walinunua unga na kuezeka upya nyumba zilizoezuliwa na upepo. Kina mama walikuja nyumbani, wachache, wakachagua nguo moja kwa watoto wawili, mkubwa avae Idi hii na mdogo ile ya mbele. Yule mama wa mabinti watatu alinunua moja. Hakuwa amemleta yule mdogo. Sikuuliza.

Nusu ya mzigo bado ninayo. Meupe yameanza kuwa manjano kwenye mikunjo. Asubuhi nauza vitumbua mlangoni, kwa sababu kitumbua hakingoji mnada. Mama mdogo alinipigia simu juzi akasema niende Kariakoo, Ramadhani imekaribia, anahitaji mtu wa kumsaidia kibandani, atanilipa vizuri. Nilimuuliza mama mkwe. Aliendelea kuchagua mchele kwenye ungo.

"Nenda," akasema. "Msimu wa kule si upo?"

"Na huyu je?"

"Huyu ni mwanangu."

Nimekwisha ulizia nauli. Mume wangu anajua, maana tangu jana hataki nimnyooshe mkono, anaukumbatia kifuani na kugeukia ukutani. Nikimwita jina lake hageuki. Sijui kama nitapanda lile basi. Sijui pia, nisipopanda, tutakula nini kati ya sasa na ufuta.